Maelezo ya Suzana Ng'wana Maduhu

SUZANA: Haloo, Loveness? Sema mwanangu.

SUZANA: Loveness? Mbona kimya?

ATHANAS: Siyo Loveness.

SUZANA: Kaka.

ATHANAS: Namba yangu hupokei. Leo siku ya tatu. Mpaka nimechukua simu ya binti yangu kama mwizi.

SUZANA: Shikamoo, kaka.

ATHANAS: Marahaba. Uko wapi?

SUZANA: Mwashilole. Nje ya ofisi ya mtendaji, nimekaa kwenye benchi.

ATHANAS: Kwa hiyo ni kweli.

SUZANA: Inategemea umeambiwa nini.

ATHANAS: Nimeambiwa mdogo wangu, mwalimu wa watu, amekamatwa mnadani na kipaza sauti mko—

SUZANA: Sijakamatwa. Nimeitwa. Kilichokamatwa ni vitabu vyangu, boksi zima, na kipaza sauti cha mtu wa dawa za panya.

ATHANAS: Cha nani?

SUZANA: Wa dawa za panya. Ngoja nikusimulie, maana najua imekufikia imegeuzwa.

ATHANAS: Nimeiona video, Suzana. Kwenye grupu la wakuu wa shule. Mwenzangu mmoja kaandika, hivi huyu mama si wa ukoo wa Maduhu, wa Kambarage? Wakaweka vile vikatuni vya kucheka. Kumi na saba.

SUZANA: Umevihesabu.

ATHANAS: Nimevihesabu.

SUZANA: Pole. Sasa sikiliza. Jumamosi nilitoka Katoro asubuhi na boksi langu, nikaenda mnadani kuuza kitabu kama mtu anavyoenda kuuza nyanya. Nikapata nafasi kati ya muuza mitumba na huyo wa dawa za panya. Yeye kutwa nzima anatangaza panya atakufa, panya atakufa. Saa saba akataka kwenda kula. Akaniambia, mama, nishikie, utangaze kidogo. Nikatangaza panya mara mbili. Mara ya tatu nikafungua kitabu.

ATHANAS: Ukaanza kusoma Kisukuma. Hadharani.

SUZANA: Kitabu ni cha Kisukuma, ningekisoma kwa lugha gani? Wa kwanza kusogea ni wamama wa dagaa. Halafu wachimbaji wakaja kutoka kule kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, matope mpaka kwenye nyusi. Mimi nasoma. Halafu mwenye karasha akazima mashine.

ATHANAS: Akazima?

SUZANA: Mawe ya dhahabu ya watu yamo ndani hayajasagwa, wenye mawe wamesimama pale pale, na mashine imezimwa mchana kweupe. Na hakuna aliyelalamika. Walitaka wasikie. Kaka, nimekaa ukanda huu miaka kumi na moja, sijawahi kuona—

[mtandao unakwaruza]

ATHANAS: —sikupati. Haloo?

SUZANA: Nimesema sijawahi kuona karasha ikizimwa kwa ajili ya mtu aliye hai. Huwa inazimwa kwa msiba tu.

ATHANAS: Na aliyekushtaki?

SUZANA: Mnunuzi mmoja wa dhahabu, mgeni huku. Aliona watu wanacheka, akadhani wanamcheka yeye. Simlaumu. Watu wakicheka kwa lugha usiyoijua, kitu cha kwanza unakagua suruali yako. Lakini unajua wameandikaje? Kuhutubia mkusanyiko bila kibali kwa lugha isiyoeleweka. Watu mia tatu wanacheka kwa pamoja, lugha isiyoeleweka.

ATHANAS: Sasa wanataka nini?

SUZANA: Kuna karatasi ya kusaini. "Naahidi kutorudia kusoma hadharani kwa lugha ya kikabila." Nimepewa hadi saa tisa. Nikisaini, napewa boksi langu naondoka. Nisiposaini, faili linaenda wilayani.

ATHANAS: Saini.

SUZANA: Sisaini.

ATHANAS: Suzana, mdogo wangu, saini uende nyumbani—

SUZANA: Sisaini, kaka. Hata ungenipigia wiki nzima.

ATHANAS: Hebu tumia akili kidogo. Hapo ulipo kuna Muha, kuna Mkurya, kuna Mhaya, Waislamu, Wakristo, wote wamefuata dhahabu. Kinachowaweka pamoja ni Kiswahili. Kila mmoja akishika kipaza sauti na lugha ya kwao, itakuwaje?

SUZANA: Nitanunua kiti nikae nisikilize.

ATHANAS: Unafanya mzaha.

SUZANA: Sifanyi. Mkurya akisoma, nitamuuliza hapo umesema nini, naye ataniambia kwa Kiswahili. Ndiyo kazi ya Kiswahili. Mimi sikipigi vita, nakiongea hapa na wewe, nimekifundisha miaka kumi na sita. Kina redio, kina bunge, kina magazeti. Kisukuma kina nini? Kina mama.

ATHANAS: Usimwingize mama.

SUZANA: Sijamwingiza. Yumo.

ATHANAS: Si ungekitafsiri tu? Wachapishaji walikwambia.

SUZANA: Wachapishaji watatu, na wote walikisifu sana. Nikawauliza mmekisifu vipi na hamkisomi? Ndiyo nikakichapa mwenyewe pale dukani kwangu, kwa mashine ile ile ya kutolea kopi vyeti vya watu.

ATHANAS: Na yule mama wa Afrika Kusini ndiye aliyekutia haya mambo kichwani.

SUZANA: Wa Limpopo. Anaandika Kisepedi, riwaya sita, hajawahi kuandika kwa lugha nyingine. Kule Mwanza kwenye semina mtu alimuuliza, mbona huandiki kwa lugha itakayokufikisha mbali? Akamwangalia. Akasema, mbali wapi? Mimi nataka kufika nyumbani. Halafu akasoma dakika kumi. Hatukuelewa hata neno moja, lakini kila mtu mle ukumbini alijua kuna mtu amefiwa.

ATHANAS: Kwao lugha hiyo ipo kwenye katiba.

SUZANA: Ipo, na bado alisema wajukuu zake wanaona aibu kuiongea mbele ya wenzao. Wewe shuleni kwako bado mnawavalisha watoto kibao?

ATHANAS: Hilo ni jambo la—

SUZANA: Nauliza tu. Kile cha kamba, cha shingoni. Mtoto akiteleza neno la nyumbani, anavaa.

ATHANAS: Ni utaratibu. Niliukuta.

SUZANA: Sisi tulikivaa wote wawili, kaka. Wewe ulikivaa zaidi.

ATHANAS: Na ndiyo maana nikafaulu.

SUZANA: Haya.

ATHANAS: Sikusema kwa ubaya.

SUZANA: Najua. Unakumbuka msiba wa mzee?

ATHANAS: Nitausahau vipi?

SUZANA: Waliniita niseme kwa niaba ya watoto. Nikasimama mbele ya jeneza na Kiswahili changu kizuri cha ualimu, nikamsifu mzee, watu wakatikisa vichwa. Nikakaa. Mama akamgeukia mama Ghati, jirani, akamuuliza kwa Kisukuma: huyu mtoto kasema nini?

ATHANAS: Hukuwahi kuniambia.

SUZANA: Nilikuwa nimekaa hapo hapo, kaka. Nimemlaza mzee, na mke wake hakusikia hata neno moja. Nikataka nimwambie upya. Nikafungua mdomo, maneno hayapo. Niliyajua ya kuomba maji na ya kuita mbuzi. Ya kumzika baba sikuwa nayo. Miaka minne nimeyatafuta, kijiji kwa kijiji, kwa wazee na daftari. Halafu mtu ananipa karatasi nisaini.

[jogoo anawika upande wa Suzana]

SUZANA: Mama hajambo?

ATHANAS: Hajambo. Anakula vizuri. Hasumbui siku hizi. Hasemi sana.

SUZANA: Hasemi sana tangu lini?

ATHANAS: Ni uzee.

SUZANA: Na wajukuu zake?

ATHANAS: Wanamwamkia. Asubuhi na jioni. Suzana, nyumba hii kila kitu kipo, ana chumba chake, ana televisheni—

SUZANA: Televisheni inaongea nini?

ATHANAS: Mimi nilitaka watoto wasome. Nikasema humu ndani ni Kiswahili na Kiingereza. Sikujua kwamba nam—

SUZANA: Nakusikia.

ATHANAS: Basi.

SUZANA: Basi nini?

ATHANAS: Jana amecheka.

SUZANA: Nani?

ATHANAS: Mama. Loveness alikuwa na ile video yako jikoni, anaiangalia kwa siri maana nilimkataza. Mama akapita. Akasimama. Mimi niko sebuleni nasikia mtu anacheka, nikajua ni mgeni. Sijamsikia mama akicheka tangu mzee afariki. Nimekuta ameshika ukuta, machozi yanamtoka, anamwambia mtoto arudishe, arudishe. Wamerudisha mara tisa.

SUZANA: Ni pale kwenye mtamba.

ATHANAS: Ni pale. Umemwandika mama alivyomficha yule mtamba, ng'ombe wetu, jikoni.

SUZANA: Nimeandika habari za mwanamke mmoja wa Usanda.

ATHANAS: Ni mama. Siku tatu mtamba yumo jikoni anakula michembe yetu ya viazi, baba mdogo anazunguka boma anamtafuta ili akatoe mahari. Mnyama akalia, mama akasema ni mimi, nina kikohozi.

SUZANA: Na ukakohoa.

ATHANAS: Nilikohoa mpaka nikatapika.

SUZANA: [anacheka] Hiyo nimeiacha. Niliona sasa wewe ni mkuu wa shule.

ATHANAS: Baada ya hapo akaanza kumsimulia Loveness. Mfululizo. Mtoto kaja mbio, baba, bibi anasema nini? Anasema nini, baba?

SUZANA: Ukamwambiaje?

ATHANAS: Nikamwambia akalale. Saa kumi na mbili jioni.

SUZANA: Kaka—

ATHANAS: Sijapiga simu kwa ajili ya lile grupu.

SUZANA: Najua. Ngoja, ngoja. Naitwa. Usikate.

ATHANAS: Dakika za huyu mtoto si nyingi.

SUZANA: Usikate.

[sauti za watu kwa mbali, kiti kinavutwa]

SUZANA: Kaka? Bado upo?

ATHANAS: Nipo.

SUZANA: Kuna kitu sikukwambia. Asubuhi walinipa karatasi nyeupe, wakasema mama, andika maelezo yako. Hawakusema kwa lugha gani.

ATHANAS: Usiniambie.

SUZANA: Ukurasa mmoja na nusu.

ATHANAS: Wewe mtoto.

SUZANA: Mtendaji wetu, Bwana Benjamini, ni mtu wa Tanga, mstaarabu tu. Kaishika, kaigeuza. Anasema hawezi kupeleka wilayani kitu asichojua kina nini. Kamwita karani wake, Amosi, Msukuma wa hapa hapa, kazaliwa nyuma ya ofisi. Amosi kasema amesahau.

ATHANAS: Kwa nini aseme—

SUZANA: Unajua kwa nini. Sasa mtendaji anataka mtu msomi, mwenye cheo, atakayetafsiri na jina lake liandikwe. Nimemwambia ninaye kwenye simu.

ATHANAS: Hapana.

SUZANA: Nitasoma mimi, wewe utafsiri. Atakuweka kwenye spika.

ATHANAS: Mimi nimesahau, Suzana. Sijakiongea miaka mingi.

SUZANA: Karani naye kasema hivyo hivyo. Nadhani ni ugonjwa umeingia.

ATHANAS: Wataandika jina?

SUZANA: Jina, cheo na shule.

ATHANAS: Ningewaambia wanitaje Athanas tu.

SUZANA: Itakuwa Athanas tu. Uko tayari? Nimeweka spika. Mtendaji anakusikia, na karani, na mama mmoja wa mirathi aliyekuja kwa shida zake.

ATHANAS: Habari za kazi, Mheshimiwa. Naitwa Athanas. Ndiyo. Nasikia.

SUZANA: Nene nali Suzana, ng'wana Maduhu. [anaendelea kusoma kwa Kisukuma]

ATHANAS: Anasema: mimi ni Suzana, mtoto wa Maduhu. Nilizaliwa Usanda, nyumba ya udongo, mwaka wa njaa. Neno la kwanza kuambiwa… lilikuwa la lugha hii ninayoiandika. Endelea.

SUZANA: [anasoma]

ATHANAS: Siku ya mnada nilisoma hadithi ya mwanamke aliyemficha mtamba. Ndani yake hakuna aliyetukanwa isipokuwa shemeji yake, na huyo… alistahili. Samahani, ndivyo alivyoandika.

SUZANA: [anasoma, polepole]

ATHANAS: Endelea.

SUZANA: Hujatafsiri.

ATHANAS: Soma tu inayofuata.

SUZANA: [anasoma]

ATHANAS: Jumamosi ijayo nitasoma tena. Asiyeelewa ataniuliza, nitamweleza kwa Kiswahili, taratibu, mpaka aelewe, kwa sababu Kiswahili nakijua na nakipenda. Nisipoelezwa kosa langu kwa—

SUZANA: Kaka, umeruka.

ATHANAS: Mtandao ulikwaruza.

SUZANA: Haukukwaruza. Narudia. [anasoma tena]

[kimya kirefu]

SUZANA: Kaka, mtendaji ameshika kalamu.

ATHANAS: Anasema… mama yangu anaishi Shinyanga, kwenye nyumba nzuri ya kaka yangu. Analishwa vizuri, anavishwa vizuri. [kimya] Hana wa kuzungumza naye.

SUZANA: Na mstari unaofuata.

ATHANAS: Nimeuona. Nimeusikia, namaanisha. Kitabu hiki nimekiandika ili mama apate mtu wa kuzungumza naye. Jumamosi nimewaona mia tatu. Hapo mwisho anasema hivi: nisipoelezwa kosa langu kwa lugha ya mama yangu, sitalijua, na nisipolijua sitaliacha. Basi. Ndiyo hayo.

SUZANA: Ndiyo hayo, kaka. Ahsante.

ATHANAS: Mheshimiwa, uliandika jina Athanas? Ongeza. Athanas Maduhu. Mkuu wa shule. Hapana, ya serikali, sekondari. Andika yote. Na uandike kwamba nimetafsiri sawasawa, ile sentensi ya katikati niliiruka kwa makusudi, nikairudia. Ndiyo. Iandike hivyo hivyo.

[sauti za mbali, mlango]

SUZANA: Nimetoka nje. Niko na boksi kichwani, naongea kama muuza mihogo.

ATHANAS: Amesemaje?

SUZANA: Ameniuliza, huyo kaka ndiye mwenye nyumba nzuri?

ATHANAS: Ukasemaje?

SUZANA: Nikasema ndiye. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema maelezo yamepokelewa. Ile karatasi ya ahadi ameiwekea kikombe cha chai juu, sijaisaini na hajaniuliza tena. Kipaza sauti kitabaki mpaka nilete barua ya kibali.

ATHANAS: Na bila kipaza sauti utasomaje?

SUZANA: Nina koo.

ATHANAS: Na wilayani?

SUZANA: Faili litaenda. Wakiniita nitaenda, wakinipa karatasi nitaandika. Nitaandika kama leo.

ATHANAS: Itabidi wanitafute tena mimi.

SUZANA: Wanayo namba. Halafu kaka, yule karani Amosi amenifuata mpaka mlangoni, anataka kitabu kimoja. Anasema si chake, ni cha mama yake.

ATHANAS: Mpe.

SUZANA: Nimempa. Wewe mbona unanong'ona?

ATHANAS: Mama yuko hapa mlangoni.

SUZANA: Tangu saa ngapi?

ATHANAS: Sijui. Nilikuwa nimegeukia dirishani. Nadhani tangu ulipoanza kusoma. Simu ya huyu mtoto sauti yake ni kubwa, inasikika mpaka uani.

SUZANA: Amesikia ulivyoruka?

ATHANAS: Ananiangalia, Suzana. Amesimama na khanga yake, ananiangalia.

SUZANA: Basi ongea naye. Unangoja nini?

ATHANAS: Miaka kumi na miwili yupo humu ndani. Nitaanzia wapi?

SUZANA: Anzia kwenye salamu, kama mtu yeyote.

ATHANAS: Dakika zinaisha, imeshaanza kulia hii. Jumamosi mnada unaanza saa ngapi?

SUZANA: Saa nne. Mje mapema, jua la huku si la—

ATHANAS: Subiri.

SUZANA: Kaka?

ATHANAS: [kwa mbali, simu haiko mdomoni, anaamkia kwa Kisukuma] Mwadila, mayu.

SUZANA: Kaka? Anasemaje? Kaka, rudisha simu, nasikia sauti tu, anase—

SUZANA: Haloo?

SUZANA: Haloo?